Jina Lako Tumeling'oa Mlangoni

Ni mwaka mmoja sasa tangu kichwa kikuume ukiwa unasahihisha madaftari, ukasema unajinyoosha kidogo, ukalala moja kwa moja. Watu walituambia mwaka wa kwanza ukipita, moyo hutulia. Wetu haujatulia, Mwalimu. Una hasira. Tumeona tukwambie wewe kwanza, na wengine wasikie.

Tunakuita Mwalimu kwa sababu ndivyo ulivyoitwa nyumbani. Hata mama aliyekuzaa alikuita hivyo, mwanzoni kwa utani, halafu jina likakaa. "Mwalimu, chakula kinapoa!" Nawe ulikuwa unakula umesimama, sahani mkononi, ukibishana na redio kana kwamba mtangazaji anakusikia. Ulipopiga pasi ulikuwa unaimba, na kaka yako, fundi baiskeli, alikuwa akisema kuna mnyororo humu ndani unataka kutiwa mafuta. Ulimrushia chochote kilichokuwa karibu. Kicheko chako kilianza kabla mzaha haujaisha.

Kazi yako ya kuwasikiliza wanafunzi hukuiokota njiani. Mdogo wako wa mwisho aliacha shule darasa la tano. Alisimamishwa asome mbele ya wenzake, sauti ikamkauka, darasa zima likacheka. Kesho yake hakwenda, wala siku nyingine yoyote. Shuleni walisema ni mvivu. Hakuna aliyekuja kuuliza. Wewe ulikuwa chuoni, na uliporudi likizo ulikaa naye uani mkimenya viazi, hukumwuliza kitu, mpaka akasema mwenyewe. Usiku huo ulimwambia mama, "Angepata mtu mmoja tu wa kumwuliza." Neno hilo ulilibeba miaka yote.

Walipokukabidhi ushauri wa wanafunzi kwenye sekondari uliyofundisha, walikupa stoo. Mlangoni wakaandika kwa rangi nyekundu USHAURI NASAHA, herufi kubwa zinazosomeka kutoka uwanja wa paredi. Hakuja mtu. Nani angekuja? Aliyeingia mle alitoka ameshaitwa chizi na shule nzima. Walimu wenzako walikutania, "Mwalimu wa machozi, leo umekinga ndoo ngapi?" Nawe ukawajibu, "Karibuni na nyinyi, kiti kipo."

Ukakwangua ile rangi kwa kisu. Ukachukua kopo la vifungo la mdogo wako, maana yeye hushonea watu nguo, ukatangaza paredini kwamba aliyeng'okwa na kifungo aje kwako. Wakaja. Hukuwashonea. Ulimpa mtoto sindano ashone mwenyewe, ukakaa ubavuni mwake, si mbele yake, nawe ukishona chako. Ulituambia, "Macho yakishughulika na sindano, mdomo hufunguka." Wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana, tena wale wanaojifanya majiwe. Walikuita Mama Vifungo.

Haikupita muda, watoto wakaanza kung'oa vifungo vyao wenyewe. Ulipotuhadithia ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukaketi. Ukasema, "Mtoto anaharibu shati lake ili apate wa kuzungumza naye."

Mwalimu wa nidhamu hakucheka. Alikagua mashati paredini, na aliyepungukiwa na kifungo alichapwa. Mkuu wa shule naye akakuita ofisini. Ulitusimulia mazungumzo yale jioni hiyo hiyo, ukiigiza sauti yake nzito.

"Mwalimu, hawa wanahitaji maksi, hawahitaji stori. Unawazoesha udhaifu."

"Na aliyevunjika mguu, nimwambie akimbie?"

"Huo ni mguu, mwalimu. Mguu unaonekana."

Kuna msichana wa kidato cha pili aliyekuwa hali chakula, hacheki, na vitu vyake anawagawia wenzake: kalamu, sweta, hata viatu vya michezo. Wengine waliona ukarimu. Wewe uliona mtu anayeaga. Ulimwuliza waziwazi kama anafikiria kufa, akakujibu ndiyo, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja kuulizwa. Hukumhubiria. Ulimshika mkono, mkaenda hospitali kwa daktari wa afya ya akili, ukakaa naye kwenye benchi mpaka wazazi wake wakafika. Alitibiwa, akarudi darasani. Wewe ukapewa onyo la kutoka kazini bila ruhusa.

Siku ya mazishi yako mkuu huyo huyo alisema ulikuwa nguzo ya shule. Tuliinamisha vichwa. Msiba si mahali pa kugombana.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na soda na maneno matamu. Shule inataka kukipa chumba kile jina lako, na familia ije ivute kitambaa. Mama alifurahi, Mwalimu. Hatukuwa tumemwona akifurahi tangu uondoke.

Kaka yako akasema, "Jina halisikilizi mtu."

"Nyamaza wewe," mama akamkatiza. "Wewe una watoto wa kubeba jina lako. Yeye kaacha nini? Acheni lisomwe, hata mlangoni."

Nani angembishia? Tukapiga pasi nguo, tukaenda.

Kulikuwa na viti vya plastiki, spika, na wazazi waliovaa kama wanakwenda harusini. Yule msichana wako, sasa yuko kidato cha tatu, aliitwa kusoma shukrani kwa ushauri unaoendelea kutolewa shuleni kwa jina lako. Aliisoma mbiombio, kama anayetema dawa chungu. Kitambaa kikavutwa. Bango jeusi, maandishi ya dhahabu, jina lako lote. Watu wakapiga makofi, mama akalipapasa kwa kiganja.

Kisha akasema, "Nifungulieni. Nataka kukaa alipokuwa akikaa mwanangu."

Ufunguo ukaanza kutafutwa. Huyu anasema uko kwa yule, yule anasema uko kwa huyu. Watu walipokuwa wakihangaika, mdogo wako, ambaye akienda sokoni hufanyia mazoezi njiani namna ya kuuliza bei, alimsogelea yule msichana, akasimama ubavuni mwake.

"Umesoma vizuri," alimwambia.

"Sikuandika mimi, dada. Nilipewa tu."

"Siku hizi ukiwa na jambo unakwenda kwa nani?"

"Mwalimu wa nidhamu. Ndiye mshauri sasa."

"Yule yule?"

"Yule yule. Asubuhi anachapa, mchana anashauri. Hakuna anayekwenda."

"Na wewe, ile hali?"

Msichana akatazama viatu vyake. "Inarudi. Inaondoka, inarudi."

Hapo mlango ukafunguliwa. Madawati mabovu, yamepangwa mpaka darini. Hapakuwa hata na pa kuweka mguu, sembuse kiti.

"Tutayatoa, mama," mkuu akasema. "Ni ya muda tu."

Mdogo wako akamnong'oneza mama habari za mwalimu wa nidhamu. Jina la msichana hakulitaja. Mama akamwambia, "Sema kwa sauti. Wamevaa vizuri, wamekuja kusikia." Akasema. Sauti ilimtetemeka, maneno mengine yakamkwama, lakini safari hii hakucheka mtu.

Mama akamgeukia mkuu. "Baba, literemshe jina la mwanangu."

"Mama, watu wanatazama."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Lakini hii ni heshima, mama yangu."

"Heshima gani? Marehemu unampa mlango, na walio hai hawana pa kuingia?"

Mkuu akatafuta macho ya kaka yako, labda akidhani wanaume wataelewana. Kaka yako akatoa bisibisi mfukoni, maana fundi hatembei bila bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Spika ilikuwa bado inapiga muziki. Hakuna aliyetuzuia, wala aliyetuunga mkono. Wazazi wenye watoto mle walitazama chini, na hilo ndilo lililotuuma kupita yote. Wao ndio wenye watoto.

Hatukwambii haya ili utusifu. Shangazi yako amesusa kuja kwetu. Anasema tumekuaibisha kaburini. Bango liko chini ya kitanda cha mama. Wakati mwingine tunamsikia akijisemea chumbani, "Jina la mwanangu nimelitoa mwenyewe." Analia, nasi tunakaa sebuleni hatujui tumfuate au tumwache. Wewe ungejua.

Shule imewaambia wazazi kwamba familia ilipatwa na uchungu, na kwamba ushauri unaendelea.

Yule msichana anakuja hapa kila Jumamosi. Mdogo wako alikwenda kwanza kwa wazazi wa msichana, akakaa nusu saa mlangoni kabla ya kupiga hodi, akaomba ruhusa. Mkuu ametuma mtu kutuambia tunachochea wanafunzi. Tumemjibu kwamba tunachochea moto wa uji tu. Lakini tukwambie kweli, Mwalimu: sisi si wewe. Hatukusomea. Kuna siku anaongea na kuna siku anatazama ukuta mpaka saa ya kuondoka, nasi hatujui kama tumemsaidia au tumemchosha. Tunachojua ni kumwuliza kama ulivyomwuliza, waziwazi, na tukisikia jibu baya tunamrudisha kwa daktari yule yule. Tumempeleka mara moja. Daktari alikuulizia. Hakuwa amepata habari zako.

Huyo ni mtoto mmoja. Wewe ulikuwa na shule nzima. Wengine wanakwenda wapi, hatujui, na waliopaswa kujua wameridhika. Wanaona mashati yamekamilika vifungo, wanasema watoto wametulia.

Tunaambiwa tuseme upumzike kwa amani. Pumzika, umechoka vya kutosha. Amani yenyewe hatuna ya kukupa mwaka huu.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuita chakula kikiwa tayari. Kaka yako fundi baiskeli, mkewe na watoto wao watatu wanaokuita Mwalimu kuliko shangazi. Mdogo wako wa mwisho. Binamu zako wa pande zote mbili. Na mtoto mmoja wa kidato cha tatu ambaye hatutamtaja, lakini ameomba awekwe hapa pamoja na ndugu.

Tutakukumbuka daima, Mwalimu, na hatutakubali ukumbukwe kwa uongo.