Mapigo Hamsini Uwanjani Pito

Shemeji Ambakisye,

Huko uliko nadhani sifa zangu zimeshakufikia kabla ya barua hii, maana huku duniani hazina tena mahali pa kukaa. Kuanzia Kate hadi Kizwite, ukitaja gofu umenitaja mimi. Juzi kiongozi mmoja mkubwa alipita Pito na Landrova, akawaacha wenyeji wake wamejipanga mstari, akauliza, "Yuko wapi yule anayepiga mpira mpaka mwewe wanampisha?" Wakanionyesha. Haya, aliuliza na njia ya kwenda ghalani, lakini mimi ndiye niliyetangulia.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua shule yangu iliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walipoonekana wanamhitaji mwalimu kuliko mimi. Ukiona herufi zimelala, ziache, zimechoka.

Mkeo, dada yangu Leokadia, hajambo. Kila asubuhi bado anamimina uji vikombe viwili, halafu kimoja anakirudisha chunguni. Mimi najifanya sioni. Mwanao Tusajigwe ameingia darasa la pili na anapiga hesabu kama karani wa boma, yaani kama wewe. Watu wa kule mtoni wamehamishiwa kijijini, nyumba zimenyooka kama mahindi ya bwana shamba, na mimi ndiye balozi wa nyumba kumi. Kumi kwenye karatasi. Kwa heshima ninayopewa, fanya mia.

Uwanja wetu haujaguswa. Mashimo yote tisa yapo, na makopo ya maziwa uliyoyafukia bado yamo ndani. Nakumbuka tulivyobeba mchanga wa mtoni, tukauchanganya na oili chafu ya magari ili upepo usiuhamishe, tukausawazisha kuzunguka kila shimo. Nilinuka oili wiki nzima, Leokadia akanikataza kukaa karibu na moto. Na yule Mwenyekiti alipokuja na uso wake wa mkutano, "Ndugu Karani, huu si mchezo wa wakoloni?", ukamjibu bila hata kusimamisha fimbo: "Ndugu Mwenyekiti, baiskeli nayo aliileta mkoloni, na leo umekuja juu yake." Shemeji, mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu shambani, wanangu wanadhani nimerogwa.

Siku ya kwanza nilipiga mapigo mengi hadi ukasema umeishiwa vidole, vyangu na vyako. Nilikuwa nainua fimbo kama jembe na kuishusha kama jembe. Kila pigo bonge la udongo linaruka, mpira unabaki umekaa, unaniangalia. Ukaniambia lile bonge nilirudishe mahali pake. Nikalirudisha vizuri kabisa, nyasi chini, udongo juu, nikalishindilia. Ndivyo Mfipa anavyofunza mikono ya mwanawe: nyasi zigeuzwe chini zioze, tuta la duara lipate nguvu. Wiki mbili baadaye uwanja umejaa vipara na vijituta, wewe umesimama katikati umeshika kiuno. "Shemeji! Nyasi juu! Hapa hatupandi maharage!" Nikakuambia usubiri masika uone mazao. Ukakaa chini kwa kicheko.

Halafu masika yakaja, na wewe ukaondoka. Siku nne tu za homa. Nilikuwa sijakuuliza mambo mengi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Baada ya matanga mdogo wako Lusajo alikuja kutoka Mbeya kuchukua vitu vyako, kama desturi ilivyo. Alichukua koti, akachukua Biblia, akachukua viatu vya kazini. Leokadia alikuwa anampa mkononi. Kisha akafika nyuma ya mlango, akazishika zile fimbo tano. "Na hizi," akasema. "Chuma kizuri. Fundi atatoa visu."

Visu, shemeji! Mdomo wangu, unaujua, haungoji ruhusa. Nikasema hizo haziendi kokote, mimi ndiye mrithi wa mchezo wake. Lusajo akacheka. Kumbe naye utotoni alibeba mifuko ya fimbo za wazungu uwanjani kama wewe, mchezo anaujua. "Wewe? Kaka aliniandikia habari zako. Alisema unalima, huchezi."

Hilo liliniingia.

Leokadia ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa na kitambaa chake cha msiba kichwani, hakuinua sauti. "Marehemu alisema huyu akizunguka mashimo tisa kwa mapigo hamsini, ndipo atamwita mchezaji. Shemeji, njoo baada ya mavuno, uhesabu mwenyewe. Akizidisha, chukua." Lusajo akakubali, akaondoka na koti.

Wakati huo nilikuwa napiga sitini na nne. Watu nilikuwa nawaambia hamsini na tano.

Tangu jioni ile sikulala kwenye sifa tena. Nikitoka shamba, kabla ya kunawa, niko uwanjani. Lakini jembe lilikuwa limeniingia mabegani, halitaki kutoka. Siku moja nilikwenda kusafisha kaburi lako, nyasi zimesimama mpaka kiunoni. Nikashika fyekeo. Nikawa nafyeka huku nakusimulia habari za mvua, sina haraka, kiuno kinageuka, mikono inafuata tu. Mara nikasimama. Shemeji, fyekeo haliendi juu na chini! Linapita. Linatoka huku, linapita chini, linakwenda kule. Nikaliacha palepale, nikakimbia Pito, na kaburi nikalimalizia kesho yake, unisamehe. Pigo la kwanza mpira ulilia "ta!" kama kijiti kikavu, ukaruka. Bado haujatua. Watu wa Zambia waangalie vichwa vyao.

Mapigo mafupi nilijifunzia uani kwa Leokadia. Nilikuwa naweka ungo wake hatua ishirini, naangushia mipira ndani. Wiki ya tatu akaniambia, "Kaka, ulezi nipepetee kofia yako?" Lakini jioni nilimkuta ameutegesha ungo mwenyewe, amekaa pembeni anahesabu.

Mavuno yakaisha. Lusajo akaja na basi, na upepo ule wa baridi unaokausha midomo. Nyumba zangu zote kumi zilitoka kutazama. Lusajo alivaa koti lako. Mfukoni aliweka punje za mahindi, kila pigo anahamisha punje moja mfuko wa pili. Nilipoinama kwenye mpira wa kwanza, mama mmoja akapaza sauti, "Balozi, leo unalima eka ngapi?" Wakacheka. Nikaupiga. Shingo zikageuka zikiufuata.

Sitakuchosha na kila shimo, ingawa kila moja lina hadithi yake. La tatu nilimaliza kwa mapigo manne, na shahidi ninaye. La tano upepo ulinitupa kichakani nikatoka na nane, nikashika fimbo kama ulivyonifundisha, kama mtu anayempa padre mkono, bila kuminya. La nane liko kule bondeni kwenye majani marefu, unalijua. La tisa mpira wa mwisho ulikuwa mbali na kopo kama urefu wa kitanda. Niliusukuma, ukatambaa juu ya mchanga, ukazunguka mdomo wa kopo, ukaanguka.

Lusajo alichuchumaa akamwaga punje kwenye kofia yake, akahesabu mara mbili. Hamsini. Kisha akazikusanya fimbo, akanipa kwa mikono miwili. "Kaka alikuwa na mwanafunzi," akasema. Leokadia akajifunika uso kwa kanga. Asubuhi Lusajo alipanda basi, mikono mitupu.

Fimbo ziko nyuma ya mlango wangu. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu siku tisa sasa kila nikiufunga mlango huo zinagongana. Jumapili baada ya misa nitazunguka tena, Leokadia akihesabu hatua kwa hatua pembeni yangu. Nikizidisha hamsini, nazifunga kwenye gunia nazipeleka Mbeya mwenyewe, halafu naomba kuanza upya. Nakuahidi, na hii si ya kijiweni. Pumzika salama, shemeji yangu. Mwanao ana mjomba.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kule bondeni, shimo la nane, Lusajo alikuwa amebaki juu anawasha sigara. Nilipiga nikaukosa mpira. Kabisa. Nilipiga hewa, na hewa nayo ni pigo, punje ikabaki mfukoni mwake nami nikanyamaza. Nilikosa kwa sababu niliinua kichwa kuona kama ananitazama.

Hakuwa ananitazama.

Shemeji yako,
Deogratias