Unga Uliouacha kwenye Ndoo

Mama Atu wangu,

Leo nimeiosha ile ndoo nyeupe yenye mfuniko. Nakuandikia kabla haijakauka, maana nina jambo la kukiri, na hapa Mafinga sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka wiki ile tuliyorudi kutoka hospitali Iringa, daktari ametuambia moyo wako umetanuka? Nilitaka ulale. Wewe ukaagiza mahindi, ulezi na soya, ukakaa jikoni kwenye kigoda, ukawa unachambua na kupumzika, unachambua na kupumzika. Atupele wetu alikuwa na miezi mitano. Soya ukazichemsha, ukazimenya, ukazikaanga mpaka nyumba nzima ikanukia. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mashineni tu, nikarudi nimejaa unga hadi kwenye nyusi. Ukanicheka: "Fundi wa mbao leo umekuwa fundi wa unga!" Kicheko kikakukata pumzi, nikakushika mgongo.

Ukasema, "Baba Atu, huu ni wa kuanzia. Akifikisha miezi sita mkorogee uji mzito, ushike kijiko. Ukiisha, tengeneza mwingine. Usiuwekeweke, utaingia uchungu."

"Utatengeneza mwenyewe," nilikujibu. Ukaendelea kuushindilia unga kwenye ndoo. Hazikupita wiki mbili, tukakuzika.

Siku ya kwanza nilipomlisha, Atu alikunja uso vilevile ulivyokuwa unaukunja wewe ukinywa dawa, kisha akafungua mdomo tena. Nilimpa kijiko Rehema, dada anayekaa na mtoto nikiwa kazini, nikatoka nje nikalia.

Tatizo lilianza nilipofungua ndoo siku ya pili. Unga ulikuwa na alama za vidole vyako pale ulipoushindilia. Nilichota upande wa pili ili nisiziguse. Nikachukua penseli yangu ya kazini, nikachora mstari ndani ya ndoo, pale unga ulipofikia. Kila nikitoka karakana nilifunua kutazama, na kila siku ulikuwa chini ya mstari wa jana. Niliingiwa na hofu ya kijinga, mke wangu. Vijiko vitano vya unga vikawa vinne, vikawa vitatu, vikawa viwili. Maji yalibaki yaleyale. Nikajiambia mtoto hana meno, mwepesi ndio unamfaa. Nilijua najidanganya.

Rehema aliniambia wazi. "Kaka, huu uji mbona unajiona uso humo? Niachie nimkorogee mtoto uji wa maana." Nilimfokea, nikamkataza kugusa ndoo. Mama yako naye alituma unga mwingine kwa basi kutoka kwake Soweto, kule Mbeya. Niliupandisha juu ya kabati, sikuufungua.

Atu akaacha kulia. Akawa anakaa kwenye mkeka anatazama mlango tu. Mafundi wenzangu wakasema nina bahati ya kupata mtoto mpole, nami nikajisifu kwamba upole huo kautoa kwa mama yake. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Mwanao alikuwa hana nguvu za kulia, na mimi nikaita upole.

Kliniki nesi alimpima, akaitazama kadi, akampima tena. Akamzungushia mkononi utepe wa kupima lishe, ukasoma njano, rangi ya onyo. Akambonyeza miguu kuona kama imevimba. "Baba, mtoto anakula nini?"

"Uji wa lishe. Mara nne kwa siku."

"Unga kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Hayo ni maji, baba. Unamjaza tumbo maji." Kisha akasema polepole, "Ungechelewa mwezi mmoja, tungekuwa tunaongea mengine. Unga umekosekana nyumbani?"

Ningemwelezaje kwa nini nilikuwa naubania? Nilisema, "Hapana, nesi. Upo," nikainamisha kichwa mbele ya kina mama wote.

Nilirudi nikakoroga uji wako, mzito, ukashika kijiko. Ulishaanza kuwa na uchungu kidogo kwa kukaa, kama ulivyoniambia. Nikaumwaga. Nikamwaga na unga uliobaki wote, Mama Atu, pamoja na alama za vidole vyako. Nikashusha unga wa mama yako pale kabatini.

Ule nao umekwisha, na wiki hii nimetengeneza wangu. Soya za kwanza niliziunguza, Rehema akasema hata nguruwe wangesusa. Za pili zimekubali. Jana Atu amekula huo uji na parachichi nililoponda, akalamba na kidole changu. Nilimwangalia usoni nione kama atautafuta wako. Hakuutafuta. Nilimshukuru Mungu, na kifua kikaniuma palepale.

Bado hajatoka kwenye njano. Kila wiki nampeleka, na kila wiki naogopa mzani. Nesi anasema anapanda uzito polepole. Mistari ya penseli nimeisugua kwa majivu, imetoka yote.

Nisamehe. Nilitaka ubaki, nikakaribia kumleta huko uliko.

Ninge­kuandikia zaidi, lakini ameamka na analia. Analia kwa sauti kubwa, anataka chakula. Lala salama, mama. Naenda kumkorogea.

Mumeo,
Baba Atu