Mama, Usikubali Wembe

Mpendwa Mama yangu,

Sasa hivi tu Akiru amejifunga leso yangu kichwani, akajilaza kando ya ukuta, mkono mmoja juu ya macho, akasema, "Kuku wanyamaze. Kichwa changu kinataka kulala." Kuku wenyewe hatuna. Nimecheka mpaka kalamu ikaanguka, kisha nikakuwaza wewe, kwa maana nani amemfundisha hayo kama si wewe? Miaka mitatu tu, na tayari anajua kuugua kama nyanyake.

Ejok, Mama? Sisi hapa Kakuma ni ejok, hatujambo, wewe ndiye tunayekuwazia. Jana dereva wa lori alipotoka huko Kaikor alisimama mlangoni akasema, "Mama yako alikuwa amelala siku ya pili nilipoondoka. Mke wa mjomba wako ameshanoa wembe, wanangoja mwezi uandame wamchanje kichwa. Na yeye mwenyewe amekubali. Anasema uzi wa nesi umemdanganya." Dereva anarudi huko leo, ndiyo maana naandika haraka na mwandiko wangu ni huu wa darasa la saba, unisamehe.

Mwalimu utakayemsomea mama yangu barua hii, nakuomba usione haya. Kuna mambo ya wanawake humu ndani. Yasome kwa sauti, hata wamama waliokaa karibu wasikie, maana si mama yangu peke yake anayelala gizani kila mwezi.

Mama, unakumbuka nyumba yetu ya Lodwar? Ulikuwa unasuka vikapu vya mkoma, vidole vinakimbia, mara vinasimama. Nilikuwa najua. Unaniambia, "Arot, funga jua," nami natundika magunia mlangoni na dirishani. Ukitapika nachimba mchanga nafukia. Ulikuwa unasema jicho moja linaona nyota mchana, kisha nyundo inaanza upande huo huo. Tukikupeleka kutibiwa, ni malaria. Mwezi unaofuata, malaria tena. Ulikunywa klorokwini ukajikuna mwili mzima kwa mgongo wa kijiko, na kichwa kiko pale pale. Ndipo wakakuchanja mara ya kwanza, mistari mitatu kila upande. Damu ilishuka mpaka kwenye shanga. Siku ya pili baada ya wembe, nayo ilikuwa ya nne tangu kichwa kianze, kikapoa, wakasema wembe umeponya. Lakini Mama, kichwa chako siku zote kilikuwa kinapoa siku ya tatu au ya nne, kwa wembe au bila wembe. Mimi ndiye niliyekuwa natundika magunia na kuyatundua.

Halafu ile siku ya shanga! Baba alikuwa ameenda Kainuk na mbuzi wa kuuza, na barabara ile ilikuwa na habari za wavamizi. Kichwa kikakushika vibaya, shingo ikawa kama imekazwa na kamba, ukasema, "Nitolee shanga hizi, zinanivuta chini." Nilikuwa mtoto, nikakutolea zote. Mama Ebei, jirani yetu, akachungulia ndani aombe chumvi, akaona shingo tupu. Mwanamke wa kwetu aliyeolewa avue shanga kama mjane, na mume yuko safarini? Hakuuliza neno. Alipiga ukemi mpaka ng'ambo ya mto wakasikia.

Watu walijaa uani. Wewe ukasema, "Ni kichwa tu." Wakazidi kulia: "Maskini, hata akili imemtoka!" Nikasema baba hajafa, wakanipapasa mgongo. Jioni wakachinja beberu wa baba ili waombolezaji wale.

Siku ya tatu baba akaingia na fimbo yake na pakiti mbili za sukari.

"Nani amekufa hapa?"

Mzee mmoja alikuwa anaguguna mfupa, akautoa mdomoni.

"Wewe."

"Mimi? Na mnayemla ni mbuzi wa nani?"

"Wako."

Baba alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akashika mbavu. Wote walicheka, hata Mama Ebei aliyekuwa amepoteza sauti. Wewe tu hukucheka. Ulivaa shanga zako moja moja, ukaapa hutazivua tena hata kichwa kipasuke. Tangu hapo ukawa unalala nazo siku tatu, shingo imevimba. Nilijua ni kosa langu kidogo, kwa kuwa mimi ndiye niliyefungua ile kamba ya shanga. Sijawahi kukuambia hivyo. Leo nimekuambia.

Nilipoolewa huku Kakuma na Akiru akazaliwa, ulikuja kunisaidia, ukabaki, ukaanza kuuza kuni kambini. Nakumbuka ile asubuhi tulipoupeleka mzigo kwa Nesi Achol, yule mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa mteja wako. Ulipotua mzigo ukakaa juu yake ukafunika jicho moja. Yeye hakusema malaria. Alichuchumaa mbele yako.

"Mama, hii kichwa inakuja lini?"

"Inakuja ikitaka."

"Na damu ya mwezi? Inakuja lini?"

Ukanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyeuliza. "Mwambie huyu mimi ni nyanya ya mtu. Mambo hayo aulize wasichana."

"Nyanya bado iko na damu?"

Ukaangalia kuni. "Iko. Lakini siku hizi inakuja kama mlevi, haijui njia."

"Kwes, vizuri. Basi tuongee."

Alipotaka uvue shanga akushike shingo, ulizikamata kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya baba na beberu, naye akacheka mpaka akajifuta machozi. "Maleesh, si kitu Mama, zibaki. Hizo hizo zitatusaidia." Kwa kuwa husomi, hakukupa kalenda. Alikuomba uzi na shanga: nyeupe kwa kila siku iliyopita salama, nyekundu kwa siku ya damu, nyeusi kwa siku ya kichwa. Uzivae mkononi, wala usiogope.

Miezi mitatu ulitunga. Halafu asubuhi moja ukaniita nikiwa napepeta mahindi. "Arot, njoo uone. Nyeusi inatangulia nyekundu kama mbwa mbele ya mbuzi." Na kweli, siku mbili nyeusi, kisha nyekundu, kila mara. Uliupitisha ule uzi vidoleni, shanga moja moja. Ukasema, "Kumbe hakuna aliyenitazama kwa jicho baya. Ni mwili wangu tu." Miaka yote ile ulikuwa unamshuku mtu, na hukuwahi kumtaja. Sikukuuliza ni nani. Niliona tu mabega yako yameshuka.

Nesi alitufafanulia kwamba kuna kitu mwilini mwa mwanamke, wanakiita homoni, kinachopanda na kushuka kila mwezi. Kikishuka ghafla, kichwa cha wengine kinalia. Na mwanamke akifika umri ambao damu inajiandaa kuondoka, kinapanda na kushuka ovyo, ndiyo maana kichwa kinazidi wakati mtu anadhani atapumzika. Si ugonjwa wa kuua, na wengi damu ikiisha kabisa kichwa nacho kinapoa. Tukajifunza. Shanga zikionyesha siku zimekaribia, unakunywa maji hata kama huna kiu, hushindi na njaa, hubebi kuni juani. Zile nyota zikianza, unakula kitu, unameza vidonge alivyokupa Nesi pale pale, si kesho nyundo ikishaingia. Unalala gizani. Na huvimezi kila siku, maana Nesi alisema vikizoewa vyenyewe vinaleta kichwa. Mwezi wa nne nyota zilikuja asubuhi, na jioni hiyo hiyo ulikuwa umekaa nje unakunywa chai na kumsema vibaya mwenye duka. Sikuwahi kukuona hivyo siku ya kichwa. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa furaha.

Sasa, Mama, nisikilize vizuri. Dereva aliniambia kwamba tangu uende Kaikor kwa mjomba, shanga nyekundu haijaingia kwenye uzi miezi miwili, ukadhani yamekwisha, ukaacha kutunga. Kisha kichwa kikaja bila damu, ukasema uzi ni mwongo. Jana ile ile nilimfunga Akiru mgongoni nikaenda kwa Nesi kumuuliza. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Hiyo ni damu inajaribu kuondoka. Leo inakwenda, kesho inarudi. Homoni bado inapanda na kushuka, na kichwa bado kinasikia. Mwambie asiache kuhesabu." Umesikia? Uzi haukudanganya. Wewe uko mlangoni tu, unatoka, na mlango wenyewe ni mrefu, mwaka au zaidi. Lakini ni mlango.

Wembe hautafupisha njia hiyo. Utakupunguzia damu, na wewe umekonda. Wembe ule umepita vichwa vingapi? Siku hizi kuna magonjwa yanayotembea na wembe, hata mtoto wa shule anajua. Lakini kikija kichwa cha namna nyingine, chenye homa na shingo isiyokunjika, au mkono umekufa ganzi, au maneno hayatoki, hapo usingoje uzi wala mimi, wakupeleke hospitali na gari la kwanza.

Mimi siogopi tena, Mama. Zamani nilikuwa najiuliza kama nami nitafungiwa jua nikifika umri wako, na Akiru atundike magunia. Sasa najua hata kikija kitanikuta nimejiandaa, na nitakuwa na mtu wa kuniambia alivyofanya yeye. Ndiyo maana nakutaka mzima. Lori hili linarudi Kakuma baada ya siku nne. Panda. Nimemwambia dereva akuweke mbele, upande usio na jua. Nesi anakungoja akupime tena, na kuna dawa nyingine anataka mzungumze.

Nimekuwekea vidonge kumi ndani ya kitambaa, na shanga mpya za rangi zote tatu. Wasalimie mjomba na watoto wote. Akuj, Mungu wetu, akulinde.

Ni mimi mwanao Arot, mama Akiru.

Nilidhani nimemaliza, lakini bado lipo moja. Mke wa mjomba si mtu mbaya, ananoa wembe kwa sababu anakupenda na hajui la kufanya. Usigombane naye. Mpe kazi. Mwambie yeye ndiye afunge jua, yeye ndiye alete maji. Dereva anapiga honi, anaita, "Mama Akiru! Leta hiyo barua, gari halingoji mtu!" Nakuja, nakuja. Mama, mke wa mjomba akikaa kando yako na wembe ule, mshike mkono polepole, umwambie, "Kichwa hiki ni changu, na mimi nimeshaijua njia yake."