Mama Alisema Usiamshwe

Baba Boram,

Supu ya mwani iko jikoni, ipashe moto. Boram anatoka shule saa tisa, mchukue wewe. Na usimtafute mama yako chumbani. Nimeshampeleka kwenye makao ya wazee.

Najua tulikubaliana twende wote ukishaamka. Lakini alfajiri nilimkuta kakaa mlangoni, viatu miguuni, begi mapajani. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hajafanya tangu msimu wa kuchachusha kabichi za kimchi.

"Okhui, leo ndiyo siku, sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende sasa hivi. Mwanangu katoka zamu ya usiku, usimwamshe. Akiniona naondoka atalia, na unajua anavyolia vibaya, kama ndama."

Tukacheka wote wawili. Kwenye teksi akanishika mkono. Tulipofika alikuwa ameshanisahau. Akamwambia muuguzi, "Huyu binti ni mwema sana, kanisindikiza mpaka hapa. Msimwache aondoke na njaa."

Miwani yake imebaki juu ya redio. ~~Usiende kumwona leo, utamchanganya.~~ Nimefuta. Nenda leo, umpelekee.

Mimi nimerudi kubadilisha nguo tu, sasa nakimbilia kazini. Nikikuamsha nitashindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Miaka kumi na tisa nimeishi na mama yako, sijawahi kumsikia akinisifu. Leo kanisifu mbele ya watu, nami nikamwacha palepale nikaondoka.

Mama Boram