Tata, Kidole Gumba Chako Hakijazeeka

Tata, baba yangu uliye Sandoa,

Natumaini mihogo ya tata mdogo imekupokea vizuri, na kwamba hujaanza kuikagua mmoja mmoja kutafuta nyufa. Hapa Dilala sote wazima. Karakana iko wazi kila siku, na wapita njia hawachoki kuniuliza uko wapi. Nawajibu kwamba umepumzika. Si kweli, na wewe unajua si kweli. Umekimbia.

Lakini kabla sijakugombeza, acha nikusifu, maana ukiwa hapa ulikuwa unanikatiza.

Unakumbuka Mama Béa alipokuja mara ya kwanza? Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, nimekaa kwenye benchi lako, sijui bisibisi wala spana. Alikuja akisukuma skuta yake, ile anayopelekea wachimbaji mikate, na vikapu bado vimejaa. Skuta ilikuwa inanguruma tu, haipandi hata kilima kidogo. Dukani mjini walikuwa wamemwambia anunue ambreyaji, yaani klachi, nzima, mpya, na yeye uwezo huo hakuwa nao. Alikuwa analia bila kujificha.

Ulifungua kifuniko cha upande wa mkanda, ukatoa vile viatu vya ambreyaji vinavyoshika ili gurudumu lizunguke. Kisha ukafumba macho, ukapitisha kidole gumba juu yake, polepole, ukirudia. Nilidhani unasali.

"Mama, nyamaza," ulimwambia. "Bale banataka kuzika mutu mwenye homa. Hapa ni ngozi tu njo imeisha. Mufupa iko muzima."

Ngozi uliitoa kwenye breki kuukuu ya lori la mgodini, kipande kilichokuwa kimetupwa na wenyewe. Ulikikata kwa msumeno, ukakipiga tupa mpaka kikaukubali mviringo wa kiatu, ukakigandisha kwa gundi na kukibana kwenye jiliwa mpaka kesho yake. Halafu ukafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya Kolwezi hii nzima: ulivipima viatu vile viganjani, kimoja huku, kingine kule, kama mama anayechagua nyanya sokoni.

"Hii ni mwizi," ulisema, "iko nabeba kupita benzake." Ukakipunguza uzito kwa tupa kidogo tu, ukapima tena, ukatabasamu.

Mama Béa alipanda kilima na mikate yake, na hakuangalia nyuma hata kutuaga. Nilikuonea fahari siku ile mpaka nikashindwa kula.

Baadaye ulinifundisha roli ndogo za upande wa mbele, zile zinazosukuma mkanda. Wengine wakiona zimelika upande mmoja wanazitupa. Wewe ulizigeuza tu. "Iko na shavu ingine," ulikuwa unasema. Tata, ulivivumilia vyuma kuliko ulivyotuvumilia sisi watoto wako! Sisi tukikosea tulipata makelele, lakini roli iliyolika ilipata nafasi ya pili. Nakutania. Nafasi nilizipata, na nyingi, ndiyo maana leo naweza kushika tupa.

Sasa nije kwenye lile unaloogopa nilitaje. Siku ile mkanda wa skuta ya mteja mmoja ulikuwa na kishale kidogo cha kuonyesha unazungukia wapi, wewe hukukiona, ukaufunga kinyume. Mwenye skuta akasema mbele ya watu wote, "Huyu muzee haone tena." Ulicheka pamoja nao. Wiki hiyohiyo ukafunga begi, ukapanda lori la kwenda Sandoa. Nilikuita barabarani na hukugeuka.

Nilikasirika, tata. Bado nimekasirika kidogo.

Skuta ya Mama Béa ilirudi wiki ileile uliyoondoka. Nimeivisha ngozi mpya kama ulivyonifundisha, na kwa macho inapendeza kabisa. Lakini ikianza kuondoka inatetemeka, mikate inaruka kikapuni. Nimeifungua, nimeangalia, nimepima kwa kipimo cha chuma, sikuona kosa. Jana nikachoka, nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba. Pembeni kuna kitu. Nakisikia, lakini sijui ni ngozi imeinuka au ni kiatu chenyewe kimepinda.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaweka tupa chini na kulia. Miaka yote niliyokaa benchini kwako, sijawahi kukuona ukihukumu kitu ukiwa umefumbua macho. Hata mara moja! Wewe umekimbia kwa sababu ya macho, na kazi hii hukuwahi kuifanya kwa macho. Mimi ninaona mpaka herufi za chini kabisa kwenye boksi la vipuri, na nimeshindwa.

Basi rudi. Vishale nitakusomea mimi, na mkanda nitaufunga mimi. Atakayecheka nitamwonyesha njia ya kwenda dukani akanunue vipya. Siwezi kuendesha karakana hii bila wewe, na sitaki kujifunza kuiendesha bila wewe wakati uko hai na una nguvu za kupalilia mihogo ya watu.

Mama Béa amekaa hapa karibu yangu ninapoandika, vikapu vyake vitupu miguuni. Nilimwambia mafundi wengine wapo, ampelekee mwingine. Amekataa. Nimemuuliza kama ana neno la kukutumia.

"Mwambie tata," anasema, "tangu aende, mi niko nabeba mikate ku kichwa. Nitaendelea kubeba mpaka arudie."

Binti yako mkubwa