Wahakiki Wananisifu, Mama Mkwe Ananitumia Maziwa ya Pakiti

Mpendwa Mama Evalyne,

Naandika nikiwa Noonkopir hapa Kitengela, na naomba unisaidie kabla sherehe haijafika, maana akili yangu imefika mwisho.

Mimi ni mshairi. Nimetoa vitabu viwili, Vumbi la Noonkopir na mwaka huu Sabuni na Moshi, na vimehakikiwa na watu wanaojua kazi, mmoja akasema sauti yangu ni “maji safi katika nchi kame”, maneno ambayo sikumwomba aseme, na kweli nilifurahi nikayatuma kila mahali, kwenye grupu la chama, la shule ya watoto, hata la maji ya ploti yetu, ambapo jirani yangu Musila aliuliza, “Na hii maji safi inafika lini?” Jumapili nikasimama kanisani wakati wa ushuhuda nikausoma uhakiki wote, mchungaji akaniuliza kwa upole ni nani aliyepona.

Hayo ni madogo. Nimeolewa na Leshan, kwao ni huko ndani Kajiado, na mamake sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Mimi ni Mkamba, na nilipoolewa sikujua kwamba kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni, kwamba husuguliwa ndani kwa kaa la kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, mpaka kinukie moshi, basi mimi nilikisugua kwa sabuni ya unga nikakianika juani huku nikijisifu kwa usafi. Yeyo akaja, akakinusa, akaondoka bila kunywa chai. Nikaandika shairi, na ndilo lililokipa kitabu jina.

Mhakiki anayeitwa Wanyama akalipenda kuliko yote. Akanukuu ile mistari yangu, “Alinusa kibuyu, akaninusa na mimi, akatuona sote wawili tumeharibika,” akasema nimemchora mama mkwe mwenye macho ya askari jela. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni! Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwenye grupu la familia ya kina Leshan, pamoja na maua. Sehemu ya mwisho niliikata, kwa sababu hapo Wanyama alinikosea, alisema ubeti wa mwisho umelegea, eti pale Yeyo anaporudi na vijiti vyake, anapiga magoti jikoni kwangu na kunishika mkono kunifundisha, nimeogopa kumaliza nilichoanza. Sikuona haja ya watu kusoma hayo.

Kiswahili cha vitabuni kinamsumbua Yeyo, kwa hivyo wifi yangu Soipan alimsomea ile picha akimtafsiria. Yeyo alisikiliza yote kisha akauliza, “Huyo askari jela ni mimi?” Na Soipan, badala ya kukohoa, akasema ndiyo.

Tangu nijifungue mtoto wa kwanza Yeyo hututumia maziwa kila Jumamosi, kwenye kibuyu. Jumamosi iliyofuata alituma ya pakiti. Mwanamke mwenye ng’ombe! Nilimpigia Soipan akaniambia, “Yeyo amesema hii haina haja ya kuoshwa.” Nikalia. Leshan naye anasema, “Wewe endelea tu kuposti. Sisi tutazoea strungi bila maziwa.”

Mwezi ujao familia imepanga kuchinja mbuzi huko kwao kwa ajili ya kitabu, na Yeyo ametangaza kwamba siku hiyo atakuwa Kiserian kwa dadake. Nampenda yule mama. Wangu alifariki nikiwa shuleni, na ni Yeyo aliyenikanda nilipojifungua. Huyo mbuzi simtaki kama Yeyo hayupo. Lakini mshairi anaombaje msamaha kwa shairi lililosifiwa hivyo? Halafu pia kuna uhakiki mwingine umetoka, mzuri kuliko hizo zote. Niutume kwenye grupu la familia sasa, ama ningoje apoe kidogo?

Ni mimi, Mutindi.

*

Mutindi wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ni kazi yangu, na mara ya pili kwa sababu ya yule mchungaji. Nimpe pole.

Kwanza hongera. Kuandika vitabu viwili huku unalea watoto na kungoja maji ya ploti si mchezo. Asiyetaka ufurahi ana wivu wake, mwache nao. Furahi, dada. Piga vigelegele. Lakini ona ulivyoniandikia: nilijua Wanyama amesema nini kabla sijajua Yeyo ni nani kwako. Kwamba alikukanda, kwamba huna mama mwingine, umeyaweka chini kabisa, kisha ukayafuatisha na uhakiki mpya. Ungekuwa karibu ningekufinya.

Sasa nisikilize. Unaniuliza kama uombe msamaha kwa shairi. La, usiombe. Siku ile ilikuuma na una haki ya kuiandika, na hiyo mistari ni mizuri, hata mimi imenichoma. Shairi halina kosa. Kosa ni mkasi wako. Shairi lako lina mama anayeondoka kwa hasira, na lina mama anayerudi kupiga magoti jikoni kwa mkwe asiyejua kitu. Kwa familia ulimpeleka yule wa kwanza tu. Yule wa pili alikuwa kwenye aya uliyoikata, na uliikata kwa sababu ilikulaumu wewe. Ulikuwa unaficha aibu yako ndogo ya mshairi, ukaufukia wema wa Yeyo pamoja nayo. Ukishangaa mbona amewaletea watoto wako pakiti, mimi nashangaa kwamba bado anawaletea maziwa.

Leo hii, ukimaliza kusoma jibu langu hapa gazetini, tuma ile aya kwenye grupu la familia, nzima, na neno “umelegea” likiwemo. Andika chini yake kwamba uliikata na ulikosea. Maua achana nayo.

Kisha Jumamosi panda uende Kajiado. Usimtume Leshan, huyo ametosheka na utani wake. Beba kitabu chenyewe, maana katika vurugu hii yote sijasikia mtu hata mmoja kwa kina Leshan aliyesomewa shairi. Mmewasomea maneno ya wahakiki tu. Keti na Yeyo, Soipan awe hapo akitafsiri, na umwonye mapema asiongeze chumvi. Msalimie kwa heshima na ungoje akuitikie, hata akichelewa. Mwambie, “Yeyo, nilileta nusu. Leo nimeleta yote.” Soma mstari kwa mstari. Ukifika mahali pa kunusa atakunja uso, na wewe usikimbize mistari ili upite hapo haraka. Soma mpaka pale anapopiga magoti.

Ukimaliza, nyamaza. Usimuulize ameonaje! Najua itakuwasha. Huenda akakuambia umedanganya, kwamba siku ile hakunusa chochote, alikuwa na mafua. Kubali. Huenda akasema vijiti ulivyoandika si hivyo, au magoti hakupiga, aliinama tu kwa sababu ya mgongo. Kubali pia, na kitabu kikichapishwa tena urekebishe. Na huenda asiseme kitu, akaingia ndani kukupikia chai. Hapo usianze kulia, mfuate ukasaidie.

Huo uhakiki mpya utume ukirudi, wote, na penye kuuma pawepo. Grupu la maji uliache, watu wana mitungi mitupu.

Na ikiwa Yeyo atakuambia neno zuri kuhusu shairi hilo, Mutindi, nakuomba kama dada yako, usiliposti popote. Wanyama aliandika kwa ajili ya wasomaji wote. Hilo litakuwa lako peke yako.

Mama Evalyne