Rudisha Friza Ndani

Yaya Dédé, kaka yangu,

Rudisha friza ndani kabla Mama hajarudi kutoka sokoni, huko kwa jirani haina umeme, samaki watalainika. Sombe ya kisamvu iko tayari. Ugali wa bukari songa mwenyewe, maana nguvu za kubeba friza unazo.

Profesa wangu alisema analeta wageni wauone mtaa wetu wa Katuba kwa ajili ya utafiti. Hakuniambia kwamba amekuagiza ufiche friza na umvue mdogo wetu Kiki viatu. Nawe ukanicheka: "Acha, Mwenya, iko muchezo tu!" Mchezo, na Nkambo, babu yetu, amekaa katikati?

Mgeni mmoja alimuuliza, kupitia Profesa, tunakula mara ngapi kwa siku. Nkambo akajibu kwa fahari: "Mara tatu, papa. Ikala chini, tutakupatia chakula." Profesa akamtafsiria mgeni kwa Kifaransa: mara moja, na siku nyingine hakuna. Nkambo hajui Kifaransa, akatikisa kichwa kukubali. Hii ndiyo master ya uchumi wa maendeleo ninayoisomea! Nilitaka kumsahihisha, lakini unaijua aibu yangu. Nikakimbilia jikoni.

~~Mwambie Mama nimeenda maktaba.~~ Hapana, mwambie ukweli. Nimeenda hotelini kuwapa wageni jibu la Nkambo kama alivyolisema. Profesa ndiye msimamizi wa mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia master, kwa hiyo huenda nisimalize mwaka huu.

Nkambo akiuliza kwa nini wageni walimwangalia kwa huruma vile, nyamaza. Nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwenya